Kipimo mlangoni, madirisha yamefungwa

Maswali ya wasomaji kuhusu afya. Anajibu mtaalamu wetu wa maabara, mkazi wa Mbeya.

Katika toleo lililopita nilimjibu msomaji mmoja, kwa mistari michache tu, kwamba kipimo cha haraka cha UVIKO-19 kinaweza kutumika hata nje ya hospitali endapo anayekitumia amefundishwa. Mistari hiyo imeniletea barua nyingi, na kubwa ya kushangaza ni kwamba wengi walioandika ni watu wa hoteli za chakula na kumbi za sherehe, ambao hawajaisahau miaka ya 2020 na 2021 na wanataka kujua watafanya nini likija janga jingine la aina ile. Nimechagua barua sita. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa kuwa ndiyo iliyobeba swali ambalo nyingine zinalizungukia.

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama ninayeendesha hoteli ya chakula hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nina meza 10 ndani na 2 barazani. Mdogo wangu wa kiume amerudi kutoka Ujerumani, ambako wakati wa korona alikuwa akifanya kazi jikoni katika mgahawa. Anasema kule mtu hakuketi ndani mpaka aoneshe cheti cha chanjo, au cha kupona, au majibu ya kipimo cha haraka, ilhali sisi tuliweka tu ndoo ya maji tiririka mlangoni tukajiona tumemaliza. Anataka likitokea tena tununue vipimo, tuwapime wateja mlangoni. Dakika 15 mtu anaingia, anakula. Mimi naona mteja wa wali maharage hatakubali kuchokonolewa pua. Nani ana haki kati yetu?
Mama wa hoteli, Mwanjelwa

JIBU: Marahaba, mama. Mdogo wako hakutia chumvi. Kuanzia tarehe 23 Agosti 2021 Ujerumani iliweka sharti kwamba anayetaka kula ndani ya mgahawa awe amechanjwa, au amepona ugonjwa huo, au awe na majibu hasi ya kipimo cha haraka yasiyozidi saa 24. Denmark iliitangulia kwa miezi minne, na kule majibu ya ndani ya saa 72 yalikubaliwa. Ufaransa nayo ilianza tarehe 9 Agosti mwaka huohuo. Hata hivyo kuna jambo ambalo mtu aliyekuwa jikoni si rahisi kuliona: mwenye mgahawa hakumpima mteja. Tangu tarehe 8 Machi 2021 serikali ya Ujerumani ilikuwa ikiwalipia wakazi wake angalau kipimo kimoja kwa wiki, na vituo vya kupimia vikafunguliwa kila kona, kwenye maduka ya dawa, kwenye maegesho ya magari, hata katika kumbi za disko zilizokuwa zimefungwa. Mteja alifika na majibu yake kwenye simu, mhudumu akayatazama, basi. Pasipo vituo hivyo na pasipo mlipaji, sharti lote linaangukia mabegani mwa mwenye hoteli na mteja wake.

Tuuhesabu mzigo huo kwa shilingi. Septemba 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza mpango wa kupeleka vipimo milioni 120 vya aina hii katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bei ya juu iliwekwa dola 5, ambazo wakati ule zilikuwa kama shilingi 11,500. Ikiwa sahani yako ya wali maharage ni shilingi 2,000, mteja angeilipia pua yake zaidi ya mara tano ya anavyolilipia tumbo lake. Bei zilishuka baadaye, lakini kwa anayekula mchana wa kazi na kurudi kibaruani, hata nusu ya bei ya sahani ni fedha ya kumfanya avuke barabara akale kwa jirani yako asiyepima. Ndiyo maana hapa kwetu kipimo cha haraka kilimjua msafiri kuliko mlaji: Mei 2021 abiria waliotua kwenye viwanja vya ndege nchini walitakiwa kukilipia dola 25, ambazo baadaye zilipunguzwa kuwa 10.

Sasa tuache fedha, tuje kwenye kazi yenyewe ya kipimo. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopitia tafiti za afya, mwaka 2021, kisha yakahuishwa mwaka 2022, yalionesha kwamba kati ya watu 100 wenye virusi lakini wasio na dalili, vipimo vya haraka kwa wastani viliwakamata chini ya 60. Mteja anayekuja kula ni huyohuyo asiye na dalili, kwa sababu mwenye homa na mwili kuuma hana hamu ya kuja kwako. Tuseme wateja 1,000 wanapita mlangoni pako kwa juma, na 10 kati yao wana virusi bila kujua. Kipimo kitawakamata 6 hivi, na 4 wataingia wakiwa wameshika majibu hasi mkononi. Upande wa pili wako wazima 990. Ukiwa na kipimo bora, 4 kati yao wataambiwa wana korona ilhali hawana; ukiwa na kile kinachofikia tu kiwango cha chini cha WHO, yaani kuwatambua wazima 97 kati ya 100, utawarudisha nyumbani na njaa wazima 30 hivi. Kwa hicho cha pili utakuwa umewafukuza wazima wengi kuliko wagonjwa.

Nisikionee kipimo, maana nimekula mkate wangu kwa kupima. Wale sita waliokamatwa si sita wa hivihivi. Kwa kawaida ndio wenye virusi vingi zaidi puani kwa saa ile, na kwa hiyo ndio wepesi zaidi wa kuwaambukiza wengine. Kuwazuia kuna maana kubwa kuliko hesabu yangu inavyoonesha. Kosa linaanza pale ambapo wale wanne walioponyoka wanaingizwa chumba kilichofungwa, wanavua barakoa ili wale, wanaongea kwa sauti kushinda redio, na kila mtu chumbani amelegeza tahadhari kwa kuwa mlangoni kulikuwa na kipimo.

Mfano wake upo. Mwishoni mwa Novemba 2021 kampuni moja ilifanya sherehe ya Krismasi katika mgahawa mjini Oslo, Norway. Wageni walizidi 110, karibu wote walikuwa wamechanjwa, na waliombwa wajipime kabla ya kwenda. Wachunguzi walipowafuatilia 110 kati yao, walikuta 81 ama wamethibitika kuambukizwa aina ya Omicron ama wana dalili za kutosha kudhaniwa hivyo. Mlango ulikuwa na ulinzi ambao wewe na mimi hatukuwahi kuuota, na ugonjwa ukapita.

Ulinganishe na mgahawa mwingine, huko Guangzhou, China, tarehe 24 Januari 2020, kabla kipimo cha haraka hakijakuwapo. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, hakina dirisha, na mashine ya kupoza hewa ilikuwa ikizungusha hewa ileile juu ya meza tatu. Familia moja ilikuwa imewasili siku iliyotangulia kutoka Wuhan. Baadaye watu 10 wa familia zilizokalia meza hizo tatu waligundulika kuwa na ugonjwa, mmoja wao akiwa ndiye aliyekuja nao. Walaji wa meza nyingine katika ghorofa hiyohiyo hawakupata, na wahudumu waliopita huku na huku hawakupata. Virusi vilifuata mkondo wa hewa.

Hapo ndipo ninapotaka mjadala wako na mdogo wako uhamie. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai zinapoingia sote tunafanya jambo moja: tunafunga. Julai moja niliingia hoteli fulani saa nane mchana. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, pazia zito limening'inizwa mlangoni kuzuia upepo, jiko la mkaa liko katikati ya meza, na vioo vinatiririka maji kwa ajili ya pumzi za watu. Nilisikia harufu ya vitunguu. Nikamuuliza mhudumu wanapika nini, akaniambia vitunguu vile vilikaangwa asubuhi, saa moja, wakati wa chapati. Saa saba nzima harufu haijapata pa kutokea! Chumba kinachotunza harufu ya asubuhi hadi mchana kinatunza pia pumzi ya kila aliyekaa humo, na pua yako imekupa majibu hayo bure, bila kuchokonolewa.

Machi 2021 WHO lilitoa mwongozo wa kupitisha hewa majengoni, likataja kiwango cha chini cha lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa kila sekunde katika majengo yasiyo ya kuishi. Meza zako 10 zikijaa watu wanne wanne ni watu 40, yaani lita 400. Ifikirie kama ndoo 20, zile kubwa za lita 20, zikimiminwa chumbani kila sekunde. Ukubwa huo hauletwi na dirisha moja lililoachwa wazi kidogo. Unaletwa na nafasi mbili zinazotazamana, mlango upande huu na dirisha upande ule, ili upepo uingie na uwe na pa kutokea. Ukitaka kujua kama chumba chako kinapumua, choma ubani mdogo katikati ya ukumbi kabla wateja hawajafika, ukae, utazame moshi unaelekea wapi. Ukipanda ukatoka, vema. Ukining'inia juu ya meza kama ukungu wa Uyole, ujue hapo ndipo wateja wako wanapokula.

Jiko la mkaa, kwa korona au bila korona, litoe nje ama ulitumie madirisha yakiwa wazi. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na kila msimu wa baridi inaua watu waliolala salama.

Basi, mdogo wako ana haki kuhusu ndoo. Kunawa mikono kunatukinga na kipindupindu na kuhara, na ndoo yako usiiondoe, lakini korona ilipitia zaidi hewani, na ndoo haioshi hewa. Wewe una haki kuhusu mteja na pua yake. Kama ingekuwa fedha yangu, ningeanza kwa kutoboa dirisha kwenye ukuta usio nalo, ningepeleka meza nne zaidi barazani chini ya turubai lililo wazi pande tatu, ningewavisha wahudumu barakoa na kuwahimiza wateja wanaoweza wafungashiwe chakula. Vipimo ningenunua vichache, nivitunze kwa ajili ya mpishi anayeamka na mafua, maana huyo unaweza kumpima leo, ukampima tena keshokutwa, na unajua anapoishi.

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Iringa. Mwaka 2022 nilipimwa kipimo cha haraka Jumatatu kwa sababu mwenzangu wa chumba alikuwa anaumwa, nikaambiwa hasi. Jioni nikaenda na wenzangu kula Ipogolo, tukakaa ndani. Alhamisi nikaanza kukohoa, nikapimwa tena, chanya. Mpimaji wa kwanza alikosea?

JIBU: Huenda hakukosea hata kidogo. Virusi vikiingia mwilini huanza vichache, vinazaliana kwa siku kadhaa ndipo vinafika kiasi cha kuonekana kwenye kijiti. Jumatatu yako ilikuwa mapema mno. Majibu hasi ya kipimo cha haraka huhusu saa uliyopimwa, na thamani yake inapungua kadiri saa zinavyosonga, ndiyo maana Ujerumani ilikomea saa 24. Saa 72 za Denmark, kwa maoni yangu, zilikuwa ukarimu uliopitiliza kwa kipimo cha aina hii. Kinapofanya kazi vizuri zaidi ni katika juma la kwanza la dalili, ambapo Cochrane walikuta kinawakamata karibu 80 kati ya 100. Juma la pili kinashuka hadi nusu hivi.

Kipimo cha PCR kingeweza kukukamata mapema kidogo, kwa sababu chenyewe huzidisha vinasaba vya kirusi mara nyingi sana kabla ya kuvitafuta, hivyo hata chembe chache huonekana. Ila kinataka maabara, mashine, na saa kadhaa, bila kuhesabu safari ya sampuli barabarani. Tena kina kasoro ya kinyume: kinaweza kuendelea kusema chanya kwa majuma baada ya mtu kupona, kwa kuokota mabaki ya virusi vilivyokufa. Kwa swali la nani aketi mezani usiku huu, hicho nacho si hakimu mzuri.

Uliyepaswa kumwogopa Jumatatu ile ni mwenzako wa chumba. Mtu aliyelala chumba kimoja na mgonjwa angekula chakula chake nje, majibu hasi au la.

SWALI: Huku Njombe vipimo vya kujipima VVU tumevizoea. Je, hiki cha korona ni kilekile? Na mstari ukiwa hafifu sana, kama kivuli, unahesabiwa?

JIBU: Kwa umbo ni ndugu, kwa kazi ni tofauti. Kile cha kujipima VVU hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wako umewatengeneza baada ya kuvamiwa, na askari hao huchelewa kuonekana. Kipimo cha haraka cha korona hutafuta kipande cha kirusi chenyewe, protini moja inayofunika vinasaba vyake. Ukidondosha matone matatu au manne ya yale maji yaliyokorogewa kijiti, kadiri karatasi ya maelekezo inavyosema, maji hupanda taratibu kwenye utepe mweupe yakibeba chembe ndogo mno za dhahabu zilizopakwa kingamwili. (Ndiyo, dhahabu, ndugu zangu wa Chunya, lakini msihangaike kuichenjua.) Chembe hizo zikiwa zimeshika protini ya kirusi, hunaswa kwenye herufi T na kurundikana hapo mpaka zinaonekana kama mstari mwekundu. Zinazobaki huendelea hadi C, kuonesha kwamba maji yalipita sawasawa. C isipotokea, kipimo kimeharibika, hata kama T imewaka.

Mstari hafifu kwenye T, ukiwa umetokea ndani ya muda ulioandikwa, unahesabiwa. Ni chanya. Ukitokea baada ya muda huo kupita, usiuamini, kwa sababu utepe unapokauka huweza kujichora wenyewe. Niliwahi kufanya kazi katika kituo kimoja ambapo mpimaji aliwaacha wateja wawili wakisubiri, akaenda kunywa chai, akarudi baada ya saa nzima na kuwasomea majibu. Mmoja aliambiwa chanya. Tulirudia mbele yake, tukasoma kwa dakika 15, T haikutokea. Tukarudia kesho yake, vilevile. Kwa usiku mmoja mzima mtu yule alikuwa amejitenga na watoto wake kwa sababu ya kikombe cha chai.

Kwa wa Njombe na Makete niongeze la baridi. Vipimo hivi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30 za Selsiasi, lakini havipendi kutumiwa vikiwa vya baridi. Asubuhi ya Julai, kabla ya kufungua pakiti, viache ndani ya chumba chenye joto la kawaida nusu saa. Na usivishike karibu na moto kuharakisha.

SWALI: Tuliambiwa mwaka 2020 kwamba hata papai lilikutwa na korona. Kwa nini tuviamini vipimo?
Mzee wa Tukuyu

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hilo lilisemwa na Rais John Magufuli, akiwa Chato, tarehe 3 Mei 2020: kwamba sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na baadhi zikarudi chanya. Mkurugenzi wa wakati huo wa Kituo cha Afrika cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, Dkt. John Nkengasong, alijibu siku chache baadaye kwamba vipimo vilivyokuwa vikitumika Tanzania vinafanya kazi vizuri. Vile vilikuwa vipimo vya maabara, si hivi vya utepe tunavyovizungumzia.

Ila papai lako linanipa nafasi ya kueleza jambo la kweli kuhusu utepe. Ukidondosha juisi ya chungwa au soda kwenye kipimo cha haraka badala ya yale maji maalumu, mstari wa T unaweza kutokea. Mwaka 2021 wanafunzi nchini Uingereza waliligundua hilo na wakalitumia kupata ruhusa ya kubaki nyumbani. Asidi ya juisi inavuruga kingamwili za kwenye utepe, zikashikana ovyo. Chungwa halina korona. Aliyepima ndiye hakufuata maelekezo. Kipimo chochote huwekewa sampuli ya kitu kilichotengenezewa, kama mizani ya mahindi isivyofaa kupimia maziwa.

SWALI: Mimi ni mhudumu wa mgahawa Tunduma. Wakati ule wa korona tajiri wetu alitaka tupimwe kila Jumatatu kwa fedha zetu, na majibu ayabandike ukutani pembeni ya leseni ili wateja waone. Anasema likija tena atafanya hivyohivyo. Ana haki hiyo?

JIBU: Ndugu yangu, wewe uko mpakani na unaijua adha ya kusubiri majibu. Mei 2020 Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, foleni ya malori iliwafundisha wote wa Tunduma kwamba kipimo kina bei yake hata kikiwa cha bure.

Wanaoshika chakula cha watu wanatakiwa kupimwa afya kila miezi sita na bwana afya anaweza kuidai kadi yako wakati wowote, kwa hiyo tajiri wako kutaka afya ya wahudumu ijulikane si jambo geni. Kubandika majibu ukutani ni jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti. Mteja anahitaji kujua kwamba wahudumu waliopo kazini leo wako salama. Hahitaji jina lako likiwa na neno "chanya" pembeni yake, katika mji ambao shemeji yako anapita kila siku.

Kuhusu fedha, anayetaka kipimo kwa faida ya biashara yake akilipie. Na Jumatatu kwa Jumatatu haitoshi. Aliyeambukizwa Jumanne atahudumia meza hadi Jumapili. Wakati mlipuko umepamba moto ni afadhali mara mbili kwa juma, na siku yoyote mtu anapoamka vibaya.

Lakini nikuulize swali ambalo tajiri wako hakukuuliza: ukikutwa chanya, utalipwa siku utakazokaa nyumbani? Mhudumu anayelipwa kwa siku, akijua mstari wa pili utamkosesha posho ya siku tano, atameza vidonge vya mafua na kuficha kikohozi jikoni. Nimeviona vikohozi hivyo. Mwambie tajiri aanze na hilo, hata kwa kulipa nusu, ndipo vipimo vyake vitapata watu wa kusema kweli. Akitaka ushauri zaidi, namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

SWALI: Umesema barua yangu iliyopita ungeijibu. Tukifungua madirisha Makete mwezi Julai, wateja watahamia kwa mwenzetu aliyefunga. Tufanye nini?

JIBU: Samahani kwa kukuchelewesha. Makete ya Julai, ambako asubuhi majani yana barafu, siwezi kukuambia ufungue kila kitu. Fungua juu. Hewa iliyopumuliwa ni ya moto, hupanda. Ukiwa na matundu karibu na dari pande mbili za chumba, yaliyofunikwa wavu, itatoka bila upepo kumpiga mtu magotini. Kama kuta ziko tayari na huwezi kutoboa, ondoa vioo viwili vya juu kwenye kila dirisha, uache vya chini. Punguza watu kwa zamu: badala ya kuwapokea 30 kwa pamoja saa saba, wapokee 15 saa sita na nusu na 15 saa saba na nusu, na katikati ya zamu fungua milango yote kwa dakika 10 wakati unafuta meza. Chumba kitapoa, kuta na viti havitapoa sana, na kitarudi joto mara watu wanapoketi. Supu itangulie kabla ya chakula, na wenye kukohoa wapelekewe sahani zao kwenye benchi la juani, ukutani upande wa mashariki kama ni asubuhi.